Naumwa Joto, na Ninaishi Iringa

Kama unaishi nyanda za baridi na mwili wako umegoma kuvumilia joto, nakuandikia wewe. Wengine mnaweza kusoma mkitaka, lakini msinitumie ushauri. Nimeshashauriwa na kila mtu, na ushauri wenyewe karibu wote ulikuja na kikombe cha chai ya moto.

Mtu wa pwani nikimwambia naumwa joto ananielewa hata kama hajui ugonjwa wenyewe. Mtu wa kwetu anacheka. "Joto gani, Iringa hii? Si ungezaliwa Dar ungeshakufa!" Hilo nimelisikia dukani, kanisani, kwenye foleni ya dirisha la dawa, na kila anayelisema anadhani ndiye wa kwanza kulitunga.

Ugonjwa wangu unaitwa MS. Ni wa mishipa ya fahamu, hauambukizi na hauponi. Sitaueleza zaidi ya hapo, kwa sababu daktari alinieleza mara mbili na mara zote mbili nilikuwa naangalia feni iliyokuwa mezani kwake, natamani aigeuzie upande wangu. Ninachoujua ni mwili huu. Ukipata joto, jicho la kushoto linaingia ukungu, mguu wa kulia unakuwa kama si wangu, na ulimi unajaa mdomoni. Ukipoa, vitu vinarudi. Joto lenyewe halihitaji kuwa kali. Sweta moja la ziada linatosha.

Sasa kazi yangu. Mimi ni mkataji katika karakana ya sare za shule, mjini Iringa. Watu wanadhani fundi ni yule aliyekaa kwenye cherehani, lakini kabla ya cherehani kuna mimi. Natandaza kitambaa tabaka juu ya tabaka hadi rundo linafika kiganja kizima, nachora kwa chaki, halafu napitisha mashine ya kukatia. Mshonaji akikosea anafumua. Mimi nikikosea, rundo zima limekwisha. Mkataji asiyeona ni hasara inayotembea, na mimi nilijua hivyo kabla mtu yeyote hajaniambia. Kazi hiyo niliianza kabla ya ndoa na ndiyo kitu pekee ninachofanya vizuri kuliko wote ninaowafahamu. Nilikuwa tayari kupoteza mguu, lakini siyo meza ile ya kukatia.

Dalili zilianza msimu wa mvua, wakati shule zinakaribia kufunguliwa na kila mzazi anataka sare jana. Umeme ulikatika, tukarudi kwenye pasi za mkaa, na pasi hizo zilipangwa nyuma ya mgongo wangu. Juu bati, nyuma makaa. Nikataka kuomba chaki, neno likatoka limepinda. Nikapiga hatua, nikashika hewa, nikaangukia majora ya kitambaa.

Msimu wa mvua kwetu ndio msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi. Huna haja ya kuelezwa watu walifikiria nini. Mwenye karakana, Mama Kihwele, mwanamke mkavu asiyecheka hata akiwa analipwa, alikuja akasimama mbele yangu.

"Hebu nipumulie," alisema.

"Mama, mimi sinywi."

"Sijakuuliza kama unanywa. Nipumulie."

Nilimpumulia. Mbele ya wenzangu wote, mimi mwimba kwaya wa usharika, nilifungua mdomo na yeye akanusa kama mtu anayeangalia maharage yamechacha. Kisha akawageukia wengine. "Hana kitu. Rudini kazini." Hakuniambia pole. Hajaniambia mpaka leo, na mimi sijasahau.

Zahanati walinipa dawa za malaria. Niliporudi wakanipa za taifodi. Mara ya tatu kijana mmoja aliyevaa koti jeupe akaniuliza kama nina amani na mume wangu, akaniandikia vidonge vya usingizi. Nilikuwa na amani na mume wangu wakati huo. Amani ilikuja kuvunjika baadaye, na aliyeivunja alikuwa na nia njema, kama wote.

Mvua zikaisha, baridi ikaingia. Karakana zetu za Iringa zina desturi, sijui kama kwingine ipo. Ikifika Juni mlango unafungwa, jiko kubwa la mkaa linawekwa katikati ya chumba, na kila mtu kwa zamu yake analeta mkaa. Pembeni mwa jiko kuna birika ambalo halikauki, na kwenye majivu kuna viazi. Umbea wa mji mzima unaivia hapo. Na kiti kilicho karibu kabisa na moto hakikaliwi na mkubwa wala mwenye mali. Anapewa mgonjwa, au mjamzito.

Mimi nilikuwa mgonjwa. Basi wakanisogezea meza yangu ya kukatia mpaka karibu na jiko.

"Mpisheni dada Yusta, apate moto," walisema, na walisema kwa upendo, na jicho langu likaingia ukungu saa tatu asubuhi na halikutoka mpaka natembea kurudi nyumbani Kihesa, upepo ukinipiga usoni. Nilidhani ni kutembea ndiko kunanisaidia. Nikawa nazunguka njia ndefu.

Nyumbani nako mama mkwe alikuwa ameshafika kutoka Kilolo. Alikuja na furushi la majani ya mikaratusi na mengine ambayo hakunitajia majina. Kwao mgonjwa hafunguliwi dirisha. Anafunikwa, ananyweshwa uji ungali unachemka, na akizidiwa anafukizwa. Sufuria liliwekwa sakafuni likitoa mvuke, mimi nikaketishwa juu yake, likashushwa blanketi zito, juu yake blanketi lingine. Mama mkwe alishika upindo mmoja. Upindo wa pili aliushika Festo, mume wangu, mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi.

Kwanza lilikwenda jicho la kushoto. Halafu la kulia. Sikuwa nimewahi kupoteza yote mawili. Nikasema, "Festo, sioni," lakini ulimi ulikuwa umeshajaa, kikatoka kitu kama mlio wa ndama. Miguu ikakataa. Nilianguka na mablanketi yote, sufuria likamwagika, na mama mkwe akapiga vigelegele.

"Umeona? Linatoka! Mwanangu shikilia, ugonjwa unatoka!"

Wiki iliyofuata walirudia. Nilipoanguka tena wakaona tiba inafanya kazi vizuri. Nilipokataa mara ya tatu, Festo alisema, "Yusta, mama amesafiri kwa ajili yako, usimvunje moyo." Nikaingia chini ya blanketi ili nisimvunje mtu moyo. Wewe unayesoma haya, mvunje moyo. Mvunje mapema, na usiombe radhi.

Nilikwenda Mbeya kwa sababu dada yangu anaishi huko, mtaa wa Soweto, na alisikia sauti yangu kwenye simu. "Hiyo sauti si yako," alisema. "Panda basi kesho." Hospitali kubwa ile ilikuwa na chumba cha kusubiria chenye mabenchi ya mbao na madirisha mawili. Nilifungua moja, bibi aliyejitanda kitenge akalifunga. Nikafungua, akafunga, akanitolea macho. Mwisho nilitoka nikaketi kwenye ngazi za nje, kwenye upepo, na jina langu likaitwa likapita. Ikabidi nirudi tena siku nyingine, na siku hiyo nikamwomba dada akae ndani anisikilizie.

Waliniingiza kwenye bomba la kupiga picha kichwa, linalogonga kama mafundi bati. Walinichoma sindano mgongoni. Daktari alikuwa mama wa makamo, mnene, mchovu. Aliangalia picha zake, akaniangalia mimi, akauliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza.

"Ukioga maji ya moto, macho yanakuwaje?"

Nikaanza kulia, na siyo kwa huzuni. Ilikuwa hasira tupu. "Daktari," nilisema, "mimi sijaoga. Mimi nimepikwa."

Akacheka, halafu akaona sicheki. Akaniambia nikae mbali na joto. Alisema kama mtu anayekuambia ukae mbali na mbwa wa jirani, kana kwamba joto lina ua wake na halitoki.

Walinilaza, na dripu za kwanza zilinipa ladha ya misumari mdomoni na njaa ya mtu anayelima. Uso ulivimba ukawa duara, hata dada yangu alipoingia wodini alinipita akaenda kitanda cha pili. Lakini asubuhi moja niliamka nikasoma maandishi yaliyokuwa ukutani upande wa pili, yakiwakataza watu kutema mate, na sijawahi kusoma kitu kizuri kama kile.

Festo, aliyekuwa amenifuata Mbeya, alimpigia mama yake nyumbani kumweleza habari ya joto. Aliniambia baadaye kuwa mama aliuliza, "Kwa hiyo mnasema mimi ndiye niliyemuumiza?" Mama mkwe alikunja vitu vyake akarudi Kilolo kabla mimi sijatoka Mbeya, na mpaka leo akitaka kunisalimu anamtuma Festo.

Nilirudi kazini baridi ikiwa imefika kwenye mifupa. Jiko lilikuwa palepale. Niliomba liondolewe, wakacheka wakidhani natania. Niliomba basi dirisha lifunguliwe. Madirisha yote yalikuwa yamepigiliwa misumari tangu wezi walipoingia, na hata kama yasingepigiliwa, hakuna aliyekuwa tayari.

"Unataka tufe na nimonia kwa ajili yako?" aliuliza mmoja.

"Wewe ukisikia baridi unavaa sweta," nilimjibu. "Mimi nikisikia joto nivue nini, ngozi?"

Siku hiyo hatukusemeshana. Kesho yake nilikuja na beseni. Nilisogeza meza hadi kona ya mbali, nikajaza beseni maji ya bomba, maji ya Julai ya Iringa, nikaliweka chini ya meza na kusimama ndani yake miguu mitupu. Shingoni nikafunga khanga mbichi. Jicho likatulia. Nikakata siku nzima, mstari umenyooka, na nilitetemeka mpaka meno yakagongana, lakini nilikuwa naona. Kama huna beseni, taulo lililoloa maji kwenye viganja vya mikono linasaidia pia.

Wenzangu walilichukuliaje? Mmoja alisema ni masharti ya mganga. Mwingine akaacha kupitisha kitambaa chake karibu na meza yangu. Salamu yangu ya asubuhi, kamwene, ikawa inajibiwa na watu wawili tu, na mmoja wao alikuwa Mama Sanga.

Mama Sanga ni mshonaji mkongwe kuliko wote, mjane, anayeita kila mtu mwanangu, hata Mama Kihwele. Aliniombea kwa sauti wakati wa chakula. Alinitengea kiazi. Alinitazama nikitetemeka pale kwenye kona na nilikuwa namwona anafuta macho kwa upindo wa kitenge. Nilimpenda sana.

Kisha nikaanza kurudi nyuma. Siku mbili nzuri, halafu ukungu. Mguu ukawa unaburuta tena. Chaki ikawa inanidondoka. Nilifuata kila nilichoambiwa: vidonge, khanga, beseni, mapumziko. Usiku nilimwambia Festo kwamba ugonjwa umerudi na safari hii umekuja kukaa. Tukaanza kuzungumza habari ya mimi kuacha kazi. Festo alisema nitauza maandazi. Nilimuuliza maandazi yanapikwa kwa barafu? Akatoka nje, akakaa huko muda mrefu.

Asubuhi niliyodhani ni ya mwisho nilikuwa na rundo la mashati meupe ya shule ya wasichana. Nilianza mstari wa bega. Mashine ilikuwa inakwenda, na mimi nilidhani naifuata. Niliposikia sauti ya kitambaa imebadilika nilisimama, nikainamisha jicho zima. Nilikuwa nimetoka kwenye mstari nikapasua migongo yote, tabaka zote, toka juu mpaka chini.

Mama Kihwele alitoka kwenye meza yake. Aliangalia rundo, hakulishika. Aliangalia uso wangu uliojaa jasho. Halafu akafanya kitu ambacho mimi mwenyewe sikuwa nimekifanya. Aliinama akachovya kidole kwenye beseni.

"Nani ameweka maji ya moto humu?"

Miguu yangu ilikuwa ndani ya maji yale na sikujua. Haijui. Tangu ugonjwa uanze nyayo zimekufa ganzi. Naweza kukanyaga kaa la moto nikajua kwa harufu.

"Mimi, mwanangu," alisema Mama Sanga, ameshika birika. "Maji haya yalikuwa baridi sana. Nilikuwa namwongezea kidogo kidogo akiinama. Anatetemeka, maskini. Mtu mgonjwa anasimamaje kwenye maji ya baridi hivyo? Nilishindwa kuvumilia."

Nilimwambia maneno ambayo kwenye kwaya hayaimbwi. Nilimwambia walionisengenya hawajanifanya kitu, wanaonipenda ndio wanaonichemsha, na kama ana huruma imemzidi akaimwagie kuku. Alikaa chini. Birika lilikuwa bado mkononi mwake. Hakuna aliyemtetea wala aliyenitetea mimi.

Nikaanza kukusanya vitu vyangu, mkasi, chaki, khanga. Sikusubiri kuambiwa.

"Ukipata baridi, unaona?" Mama Kihwele aliuliza.

"Naona."

"Unakata?"

"Nakata kuliko mtu yeyote mjini hapa, na unajua."

Alikwenda kwenye sanduku la vifaa, akachukua nyundo, akaanza kung'oa misumari ya dirisha lililo juu ya meza yangu. Mwenyewe. Msumari wa mwisho ulikuwa na kutu, akaupiga mpaka ubao ukapasuka. Upepo uliingia ukapeperusha patani, zile karatasi za vipimo vya kukatia, chumba kizima, na watu wakapiga kelele. Alionyesha jiko kwa nyundo.

"Hilo liende nje, barazani. Anayetaka moto aende akaote, arudi." Halafu kwangu, bila kupunguza sauti: "Na wewe usidhani nakuonea huruma. Sina mkataji mwingine."

"Sitaki huruma."

"Vizuri. Mashati hayo utayakata upya leo."

Nimetembelewa na wachungaji, nimeletewa matunda, nimeimbiwa kando ya kitanda. Hakuna maneno yaliyonipa nguvu kama hayo ya mwanamke aliyeninusa mdomo. Nilikata mashati yale mpaka giza, na kila mgongo ulinyooka. Simpendi mpaka sasa.

Tangu hapo nimeshapata dripu nyingine Mbeya, na vumbi la Oktoba, mwezi wetu wa joto, limenipiga mara mbili. Mwezi ule nakata alfajiri na kurudi nyumbani jua likipanda. Festo analala na sweta, soksi na kofia, kwa kuwa dirisha letu halifungwi usiku. Analalamika kila usiku, na kila usiku analifungua yeye mwenyewe kabla sijamwambia. Sijamsamehe ule upindo wa blanketi, lakini nimeacha kuutaja kila tunapogombana.

Mama Sanga hakunisemesha tangu siku ile, na mimi sikumtafuta. Nilikuwa nabeba maji yangu, napima kwa kiwiko kama mtu anayeogesha mtoto, na siku nyingine kiwiko nacho kinadanganya, maana ganzi imeanza kupanda mikononi.

Mwaka huu Julai iliporudi, nilifika asubuhi moja nikakuta beseni langu limeshawekwa chini ya meza. Limejaa. Mama Sanga alikuwa amejifunga makoti mawili na amepiga magoti kando yake, mkono wake umezama hadi kwenye kifundo, vidole vimekuwa vyeupe.

"Nimeyalaza nje usiku," alisema bila kuniangalia. "Nimeshika mpaka mkono unauma. Hii ni baridi ya kutosha, au niongeze mengine?"

Nilivua viatu. Sikuwa na namna ya kujua. Kati yetu wawili, mwenye mkono unaosikia baridi ni yeye.

"Mama Sanga," nilisema, "mimi bado nina hasira na wewe."

"Najua, mwanangu. Ingiza miguu."